Karela, mlonge na mbwa mwenye kisukari

Nikishamwambia mtu kwamba mbwa wake ana kisukari, mara nyingi haulizi kwanza bei ya insulini. Anauliza: "Daktari, karela (lile tango chungu) je? Au mlonge?" Shangazi yake anakunywa, na sukari imeshuka. Namwamini. Ila kisukari cha mbwa si kile cha shangazi.

Watu wazima wengi wana aina ya pili: kongosho bado linatoa insulini, mwili ndio hauitikii vizuri. Kwa mbwa, kwa kawaida seli zinazoitengeneza zimeshakufa, na hakuna jani la kuzifufua. Mbwa anayenyimwa sindano atakula sana na bado akonde, akojoe ovyo (sisimizi watakuonyesha wapi), na macho yaingie mtoto wa jicho. Akianza kutapika na kulegea, damu imeshajaa asidi. Hiyo ni dharura. Na insulini yenyewe tumeipata kwa mbwa: mwaka 1921 kule Toronto, Kanada, watafiti Banting na Best waliwatibu mbwa waliotolewa kongosho kwa maji yaliyokamuliwa kwenye kongosho la mbwa wengine.

Chakula ndicho kinachosaidia kweli, tena pamoja na sindano. Milo miwili kwa siku, ikipishana kwa muda wa saa 12, sindano mara tu baada ya kula. Akigoma kula, usimchome dozi nzima. Mpigie daktari wake. Leo sembe na mchuzi, kesho wali uliolala, keshokutwa makombo ya kuku: kwa mlo wa namna hiyo siwezi kukupangia dozi. Mimi napendelea dona kuliko sembe, kwa sababu ya pumba zake, na nyama isiyo na mafuta, na boga au mchicha wa kuchemsha. Pima kwa kikombe kile kile kila siku, na mwombe daktari akuongezee madini, maana dona na nyama peke yake havitoshi. Ngozi ya kuku na mafuta ya kukaangia acha kabisa. Kongosho hilo lina shida tayari.

Karela ikishusha sukari kweli, hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Juisi ya leo na ya kesho hazilingani ukali, na ukizichanganya na insulini mbwa anaweza kuanza kutetemeka, kuyumba, hata kupata degedege. Mpake asali kwenye fizi, kisha mkimbize kwa daktari. Kitunguu saumu, ambacho wengi hutumbukiza kwenye hizo dawa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Bazoka zisizo na sukari zenye zailitoli (xylitol, kitu kitamu kinachowekwa badala ya sukari) ni sumu kabisa kwake.

Kama ni jike ambaye hajatolewa kizazi, anzia hapo. Homoni inayopanda baada ya kipindi cha joto, yaani anapotaka dume, hupinga insulini, na akifanyiwa upasuaji mapema, wapo ambao hawahitaji sindano tena.