Tilti ya stelingi ni nini hasa, na kwa nini usukani unakudondokea mapajani

Tilti ni ile sehemu inayofanya usukani uinuke na ushuke, ili mwenye kitambi akae na mrefu akae na mfupi naye aone barabara. Unafungua leva ya chini ya usukani, unaupandisha au unaulaza, unabana leva, basi. Watu wengi hapa Tanga ukiwatajia tilti wanadhani unaongelea gari la mkubwa fulani, kumbe hata hivi visaluni vya Kijapani vya miaka ya 90 vingi vinayo, ila leva imefichwa chini ya plastiki na mwenye gari hajawahi kuigusa tangu ainunue.

Mi yangu niliijua kwa shida. Natoka Muheza na magunia mawili ya machungwa nyuma, nafika Pongwe napanda tuta, usukani huo chini, umenikalia mapajani kama mtoto. Niliuinua kwa mkono mmoja nikaendesha hivyo hivyo mpaka Ngamiani huku nasoma dua zote ninazozijua. Kesho yake fundi wa kwanza akautikisa akasema tairodi hizi, yaani vile vyuma vinavyounganisha stelingi na tairi za mbele, nikanunua mbili, kulia na kushoto, tukafunga, usukani ukabaki vilevile unacheza kama jino bovu.

Hapo ndo nilijifunza kwamba kuna plei, yaani kule kucheza kwa kulegea, za aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. Zima gari, hakikisha leva imebanwa, shika usukani juu na chini kama unashika sahani, afu usiuzungushe, usukume tu mbele nyuma, juu chini. Ukicheza, hiyo ni tilti au bomba lenyewe linalobeba shafti (ile nondo inayotoka kwenye usukani kushuka chini) limelegea pale lilipofungwa. Sasa uzungushe kidogo kidogo kulia kushoto huku mwenzio kachuchumaa anaangalia tairi la mbele, ukiona usukani unazunguka na tairi limetulia tu, hiyo ndo ya tairodi, jointi za shafti au boksi la stelingi. Jaribio hili ni la dakika mbili na halina gharama, lingeniokolea hela ya spea.

Kitu kingine kinachochanganya ni video za mtandaoni, nyingi ni za gari za zamani za Marekani. General Motors walianza kuuza tilti yao mwaka 1963, na kwenye aina ile kinacholala ni kichwa tu, jointi iko karibu kabisa chini ya usukani. Ndani kuna meno yanayoshika, springi nzito ya kuinua, pini mbili za pembeni na bolti nne ambazo zikilegea usukani wote unayumba. Kuzikaza ni kazi ya dakika chache, ila kuzifikia lazima ung'oe usukani, sahani ya loki, swichi ya indiketa na zile pini, siku nzima inakwisha. Mtu anaangalia video ile anaogopa, au mbaya zaidi anaanza kutafuta hizo bolti nne kwenye gari ambalo halinazo.

Hizi za kwetu za Kijapani nyingi ni nyepesi zaidi. Bomba zima ndilo linalolala, limeegemea pini moja kule chini karibu na miguu, na huku juu chini ya dashibodi kuna bati lenye matundu marefu, bolti ndefu imepita katikati, na leva kazi yake ni kuzungusha nati ili bati libane bomba. Zingine zina meno, zingine zinashikwa na msuguano tu. Ikichoka, mara nyingi ni kwamba nati imesogea kidogo, leva inafika mwisho kabla haijabana. Yangu ilikuwa hivyo. Unafungua plastiki ya chini, unatoa kale kabolti kanakoshika leva, unakaza nati kidogo, unarudisha leva upande utakaofanya ibane vizuri na isigonge goti. Angalia tu, kwenye gari zingine nyuzi zake ni za kinyume, ukilazimisha kama kawaida unaiua. Na usipake grisi pale mabati yanapobanana! Mtu anaona kutu, maana upepo wa bahari wetu huu nao, anapaka grisi, kesho usukani unateleza zaidi ya jana. Grisi ni ya pini ya chini. Kama bushi za plastiki zimeliwa au springi imekatika, hapo hakuna ujanja, tafuta bomba zima la mtumba.

Fundi wa pili alitaka kuchomelea, "tupige weldi tu kaka, kwani nani anaushusha?" Nikakataa. Marekani tangu 1968 sheria inataka stelingi isimchome dereva kifuani gari likigonga, na magari mengi tunayoletewa yametengenezwa kwa wazo hilohilo: shafti inajikunja na bati la juu linaachia. Ukishalichomelea limekuwa mkuki. Tena moto unayeyusha bushi na vipini vya plastiki vilivyo ndani ya shafti, na ndo sababu hiyohiyo usiung'oe usukani kwa kuugonga nyundo, tumia pula, kile kifaa cha kuuvuta.

Kama gari ina eabegi, ule mfuko wa hewa ndani ya usukani, toa waya wa negative wa betri na usubiri, Toyota wenyewe wanaandika sekunde 90 au zaidi, mi nilikwenda kunywa chai kabisa. Na kama utaichomoa shafti kule chini, weka alama ya rangi kwenye jointi na funga usukani usizunguke, la sivyo ule utepe wa waya wa eabegi unakatika na usukani unarudi umekaa upande.

Yangu sasa inabana mpaka leva inalia. Zile tairodi zilizotolewa bado ziko kwenye ndoo uani, zilikuwa nzima.