Haki za misitu India: usihesabu hati, fuata dai

Watafiti wengi wa Sheria ya Haki za Misitu ya India ya mwaka 2006, inayowatambulia wakazi wa misituni haki zao za ardhi na msitu, huanza na idadi ya hati zilizotolewa kwa wadai. Naona huko ndiko wanakopotea. Hati moja yaweza kuwa ya shamba la familia lisilozidi hekta 4, nyingine ya msitu mzima wa kijiji. Ukizijumlisha, hupati maana yoyote. Tenga madai ya watu binafsi (Fomu A) na ya jamii (Fomu B na C), kisha andika eneo lililoombwa na lililotolewa.

Dai huanzia gram sabha, mkutano wa watu wazima wote wa kijiji, ambao msomaji wa Tanzania anaweza kuufananisha na mkutano mkuu wa kijiji. Kamati ya watu 10 hadi 15 hukagua, mkutano hupitisha, halafu jalada hupanda kamati ya tarafa (sehemu ya wilaya) na hatimaye kamati ya wilaya. Ushahidi unaotakiwa ni wa aina mbili angalau, na kauli ya mzee iliyoandikwa inatosha kuwa mmojawapo. Wasio wa makabila yaliyoorodheshwa rasmi na serikali wana mzigo mzito zaidi: wathibitishe kuwa wameishi msituni vizazi vitatu, yaani miaka 75.

Madai hukwama wapi? Maofisa hung'ang'ania picha za setilaiti, ilhali kanuni za 2012 zinasema picha hizo huongezea ushahidi mwingine tu. Au dai linakataliwa na mwenyewe haambiwi sababu kwa maandishi, siku 60 za rufaa zikapita bila yeye kujua. Kwa hiyo neno "limekataliwa" lisiwe safu moja katika jedwali lako. Andika ngazi, sababu, na tarehe mhusika alipoarifiwa. Hili si jambo dogo: tarehe 13 Februari 2019 Mahakama ya Juu iliagiza waliokataliwa waondolewe misituni, na ikaisimamisha amri hiyo tarehe 28. Anayemwita kila aliyekataliwa mvamizi anawaumiza watu ambao huenda hawakusikilizwa kabisa.

Kuhusu ridhaa ya wanakijiji kwa mradi unaotaka msitu wao, kesi ya kusoma ni milima ya Niyamgiri, jimbo la Odisha. Kiwanda cha alumina cha kampuni ya Vedanta kilijengwa Lanjigarh, karibu na milima hiyo, kabla ya kibali cha kuchimba boksiti, malighafi ya alumina, mlimani kupatikana. Tarehe 18 Aprili 2013 Mahakama ya Juu iliwaachia wanakijiji waamue kama uchimbaji ungegusa haki zao, ikiwemo ibada ya Niyam Raja, mungu wa milima hiyo. Kati ya Julai na Agosti, vijiji 12 vilikaa mbele ya jaji, na vyote vikakataa. Lakini vijiji hivyo 12 vilichaguliwa na serikali ya jimbo, na milima ile ina vijiji vingi zaidi. Angalia pia akidi: nusu ya wanakijiji, na theluthi ya waliohudhuria wawe wanawake. Wadongria Kondh, kabila la milima hiyo, huzungumza Kikuvi, ofisi za jimbo hutumia Kiodia. Uliza nani alitafsiri.

Kanuni za Uhifadhi wa Misitu za Juni 2022 zilibadilisha mpangilio: ziliruhusu serikali kuu itoe idhini ya kutumia msitu kwanza, kazi ya kuhakikisha ridhaa ikaachiwa jimbo. Kwa kila mradi wa baada ya hapo, linganisha tarehe ya idhini na ya mkutano wa kijiji. Ridhaa iliyofuata idhini usiiweke kundi moja na uamuzi wa Niyamgiri.