Shule Iliyojengwa Juu ya Soko la Siagi

Katika mji wa soko wa Market Harborough, kaunti ya Leicestershire nchini Uingereza, kando ya kanisa la St Dionysius, kuna shule kongwe ya mbao ambayo wageni wengi hupiga picha paa lake na kwenda zao. Mimi huwaomba watazame chini kwanza. Huko hakuna ukuta wala mlango, ni nguzo tu. Darasa lenyewe ni chumba kimoja kilichobebwa juu yake.

Lilijengwa mwaka 1614 kwa fedha za Robert Smyth, mzaliwa wa hapo aliyekwenda London akiwa fukara, akapanda hadi kushika wadhifa katika utawala wa jiji. Alitaka watoto wa kwao wasome, lakini hakutaka shule iwanyang'anye wachuuzi nafasi yao. Kwa hiyo uwazi wa chini ukawa soko la siagi, na lengo lake lilitamkwa wazi: watu wa sokoni wasilowe siku za mvua. Mistari ya Biblia iliandikwa kwenye mbao za nje, ingawa wengi waliopita hapo zama hizo hawakujua kusoma.

Ujenzi wa mbao ndio uliowezesha haya. Fremu hubeba uzito wote, na nafasi kati ya mbao huzibwa kwa lipu nyepesi. Ukuta wa mawe pale juu ungehitaji nguzo nene zaidi, na wauza siagi wangebaki na upenyo tu.

Ilikuwa shule ya sarufi, yaani Kilatini kwanza. Mwaka 1869, ilipofufuliwa, kati ya wanafunzi wake wachache alikuwemo William Henry Bragg, aliyelelewa mjini hapo na ami yake. Mwaka 1915 yeye na mwanawe Lawrence walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuchunguza fuwele kwa eksirei.

Shule ilihama mwaka 1892. Kabla ya hapo, mwaka 1868, jengo lilikarabatiwa, kwa hiyo si kila pambo unaloliona ni la enzi za Smyth. Leo limo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa nchini humo. Anayetaka kuziba ule uwazi wa chini apate chumba cha duka lazima aombe kibali kwanza, na mimi ningekuwa wa kwanza kumpinga.