Vumbi Husingiziwa Mengi: Dhana Potofu za Kiangazi Uganda

Kusini mwa Uganda kiangazi huja mara mbili, Desemba hadi Februari na tena Juni hadi Agosti. Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, kipo kimoja, kirefu. Kote huko vumbi jekundu la barabara za murram huingia hadi kwenye sukari. Linadhuru, ndiyo, lakini husingiziwa magonjwa yasiyo yake, na hapo ndipo watu huchelewa kutibiwa.

“Maziwa husafisha mapafu.” Waulize wanaoshinda kwenye mashine za kusaga mahindi, watakuambia hivyo. Si kweli. Maziwa huenda tumboni, mapafuni hayafiki. Njia ya hewa husafishwa na ute, ukisukumwa juu na vinyweleo vidogo mno mpaka uuteme au uumeze. Kunywa maziwa kwa raha zako, ni chakula kizuri, ila si kinga ya vumbi.

“Leso mdomoni inatosha.” Huzuia chembe kubwa, zile zinazoacha doa jekundu kwenye kitambaa. Chembe laini, pamoja na za moshi wa magari, hupenya. Barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni ndiyo huzichuja, na bei yake si ya kila mwendesha boda. Nyumbani kuna la bure: kabla ya kufagia ua, rushia maji kwa kiganja, matone yaenee bila kufanya tope, na meza uipanguse kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kuikung'uta.

“Kikohozi hiki ni cha vumbi, mvua ikinyesha kitaisha.” Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Kifua kikuu huletwa na bakteria, na kwa wiki za mwanzo mgonjwa hukohoa kama jirani yake aliyevuta vumbi. Kikohozi kikifika wiki 2, nenda ukapimwe makohozi. Vituo vya afya vya serikali hupima na kutibu bure. Na kinyume chake pia: koo lililokwaruzwa na vumbi tu halihitaji antibiotiki za kujinunulia dukani.

“Vumbi huleta homa ya uti wa mgongo.” Hapa kuna nusu ya ukweli. Mkoa wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, na Karamoja zimo katika ukanda wa ugonjwa huo unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, na milipuko huja wakati wa ukavu. Lakini bakteria hutoka kwa mtu hadi mtu, kwa mate na majimaji ya pua. Hewa kavu na vumbi huchubua utando wa koo, bakteria wakapata mlango, na watu wakilala wengi chumba kimoja mambo huwa mabaya zaidi. Chanjo iliyotolewa huko mwaka 2017 ilikuwa ya kukinga bakteria wa aina A tu. Aina nyingine zipo. Homa kali, shingo iliyokakamaa, macho yanayokimbia mwanga: hospitali siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

“Macho mekundu ya mtoto ni vumbi tu.” Huenda ikawa vikope (trakoma), ugonjwa wa macho wa kuambukiza ambao Karamoja unajulikana sana. Husambazwa na mikono, vitambaa na nzi wanaotua usoni, na ukiachwa hupofusha. Mnawishe uso kila siku kwa maji safi. Chai ya rangi machoni, hapana.

“Kiangazi hakuna malaria.” Mbu hupungua lakini hawatoweki, vinamasi vingi havikauki. Neti isikunjwe.