Rais na washauri wake katika mgogoro wa kazi: kisa cha viwanda vya chuma vya Marekani, 1952

Usiku wa tarehe 8 Aprili 1952, zikiwa zimebaki dakika tisini hivi kabla ya mgomo kuanza, Rais Harry Truman wa Marekani alilihutubia taifa na kutangaza kwamba serikali inachukua usimamizi wa viwanda vikubwa vya chuma. Mzigo huo akatwishwa Waziri wa Biashara, Charles Sawyer, ambaye hakuwa ameuomba. Tunaposikia kwamba mkuu wa nchi anashauriana na wataalamu wake, wengi wetu hudhani kuwa wote wanamweleza jambo moja. Kisa hiki kinaonyesha vinginevyo.

Marekani ilikuwa vitani Korea, na ili kuzuia mfumuko wa bei serikali ilidhibiti bei na mishahara kwa pamoja, ila kupitia ofisi mbili tofauti. Mishahara ilikuwa chini ya bodi yenye wajumbe wa waajiri, wafanyakazi na umma, muundo ambao sisi wa mahusiano kazini tunauita utatu. Mwezi Machi bodi hiyo ilipendekeza nyongeza ya mishahara na marupurupu ya takriban senti 26 kwa saa, itolewe kwa awamu. Chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na Philip Murray kikaridhia, lakini wenye viwanda wakasema hawawezi kulipa bila kupandisha bei ya chuma kwa dola 12 kila tani.

Ellis Arnall, msimamizi wa bei, alishikilia kwamba kanuni hazimruhusu kuvuka dola 3 hivi. Charles Wilson, aliyeratibu uzalishaji wa vita, aliona haiwezekani mishahara ipande huku bei ikizuiwa, na rais alipoukataa mtazamo huo akajiuzulu. Waziri wa Ulinzi, Robert Lovett, hakujishughulisha na senti wala dola: alionya kwamba chuma kikikosekana, askari walioko vitani watapungukiwa silaha. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa kadiri ya meza aliyokalia, na hakuna meza iliyobeba mgogoro mzima isipokuwa ya rais mwenyewe.

Ilikuwapo njia ya kisheria. Sheria ya Taft-Hartley ya 1947 iliiwezesha serikali kuiomba mahakama isimamishe mgomo kwa siku 80. Truman, ambaye aliwahi kuipinga sheria hiyo kwa kura ya turufu na Bunge likaipitisha hata hivyo, aliikataa njia hiyo kwa hoja kwamba wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuahirisha mgomo wao kwa siku 99 kwa hiari, hivyo kuwalazimisha wasubiri tena kungekuwa kuwaonea. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni nzito mbele ya msuluhishi yeyote. Tatizo ni kwamba uzito wake haukumpa rais mamlaka ya kutwaa viwanda, ambayo Bunge halikumpa.

Ndivyo Mahakama Kuu ya Marekani ilivyoamua tarehe 2 Juni, kwa majaji sita dhidi ya watatu. Miongoni mwa wale sita alikuwamo Tom Clark, ambaye mwaka 1949, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Truman, alikuwa ameandika kwamba rais ana mamlaka makubwa ya asili, yaani yatokanayo na cheo chenyewe bila kupewa na Bunge, wakati wa dharura. Alipovaa joho la jaji, alimpinga rais yuleyule aliyemteua.

Viwanda vikarudishwa kwa wenyewe, na wafanyakazi wakagoma kwa siku 53. Tarehe 24 Julai pande mbili zilipatana Ikulu: nyongeza ya mishahara na marupurupu ya takriban senti 21 kwa saa, pungufu ya ile ya bodi, na ruhusa ya kupandisha bei kwa dola 5.20 kila tani, zaidi ya kiwango alichokuwa amekishikilia Arnall. Bei na mishahara vikawa vimepanda pamoja, kama Wilson alivyokuwa ametaka kabla hajajiuzulu.