Gari kuukuu la porini halianzi na matairi makubwa

Wengi wakinunua gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, hukimbilia kuliinua na kulivisha matairi makubwa, wakidhani ndipo litafaa kwa kambi za porini. Sivyo. Tairi kubwa huichosha injini, huchelewesha breki kushika na kuifanya spidomita isome pungufu. Na gari lililoinuliwa hupinduka upesi zaidi. Anza na rejeta, hozi, mkanda wa feni, breki na bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) zilizochoka. Kisha jifunze upepo wa matairi: tairi lile lile la kawaida, likipunguzwa upepo hadi paundi 18 hivi kwa inchi ya mraba mchangani, hulala na kukanyaga eneo refu, hivyo halizami ovyo. Beba pampu, ujaze tena kabla ya kuingia lami. Mimi ningenunua pampu hiyo kabla ya springi ndefu za kuinulia gari.