Kisunzi kisichoisha na sikio linalovuma: chanzo hutafutwa vipi?

Wengi wanaofika kliniki yetu ya masikio, pua na koo hapa Lamu kwa sababu ya kisunzi wameshapimwa presha mara kadhaa, wameshameza dawa za malaria, na baadhi yao wameshasomewa. Wanachotaka sasa ni barua ya kwenda Mombasa kupigwa picha ya kichwa. Nawaelewa. Kuvuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha kupanda basi huku dunia inazunguka si safari ya kutamaniwa, na anayeiomba ameteseka. Lakini mara nyingi picha hiyo hurudi safi, kwa sababu chanzo hakipo pale inapoangalia. Kinachotuongoza zaidi ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe: kisunzi ni cha namna gani, hudumu muda gani, huletwa na nini, na ni sikio lipi linalovuma.

Namna kwanza. Kuna mtu anayeona chumba kinazunguka, na kuna anayeingiwa na giza machoni akiinuka ghafla. Huyu wa pili kwa kawaida sikio lake halina kosa. Huenda damu yake ni pungufu, hanywi maji ya kutosha, au dozi ya dawa za presha imemzidi, jambo linalojitokeza sana mtu akifunga katika joto letu. Kipimo chake ni rahisi, hata zahanati yaweza kukifanya: presha ipimwe amelala, kisha amesimama kwa dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, chanzo kinakaribia kujulikana.

Kama ni kuzunguka, nauliza muda. Kisunzi kisichofika hata dakika moja, kinachomvamia mtu akijigeuza kitandani, akitazama juu kuanika nguo au akiinuka kutoka sijda, karibu kila mara hutokana na chembe za chokaa. Ndani ya kila sikio mna vifuko na mifereji yenye maji inayofanya kazi ya pimamaji ya fundi mwashi, kuujulisha ubongo kichwa kimekaaje. Chembe zilizo katika vifuko zikichomoka na kuangukia mferejini, kila kichwa kikigeuka huyasukuma maji na ubongo hudanganyika. Madaktari Dix na Hallpike walieleza mwaka 1952 jinsi ya kulipima hili: mgonjwa analazwa kwa haraka, kichwa kimegeuzwa upande na kuning'inia kidogo, nasi tunatazama macho yake yanavyocheza. Tiba aliyoibuni John Epley, daktari wa Marekani, ni kugeuza kichwa kwa hatua maalumu hadi chembe zirudi mahali pake. Huchukua dakika chache tu, bila kidonge wala mashine. Inanisikitisha kuona watu wanameza vidonge vya kisunzi miezi mizima kwa tatizo la namna hii. Vidonge hivyo ni vya siku chache; vikizidi, huuchelewesha ubongo kuzoea.

Chembe hizo haziletei sikio kelele. Nahodha aliyekaa miaka mingi karibu na mashine ya boti anaweza kuwa na kisunzi cha chembe pamoja na mvumo wa masikio yaliyochoshwa na kishindo. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina njia yake.

Kisunzi cha dakika 20 hadi saa 12, huku sikio moja likijaa, likivuma na kupungua usikivu, kina sura nyingine. Daktari Prosper Ménière wa Paris alieleza mwaka 1861 kwamba kisunzi cha aina hii hutoka sikioni, wakati wenzake wakikihesabu kuwa ugonjwa wa ubongo. Hapa kipimo cha usikivu ndicho cha maana, na kirudiwe, kwa kuwa usikivu hupanda na kushuka. Huwa tunashauri kupunguza chumvi, yaani papa mkavu na achari. Ushahidi wake si mzito, lakini hakudhuru kujaribu. Kipandauso nacho huleta kisunzi cha dakika 5 hadi siku 3, pengine kichwa hakiumi kabisa, na kwa maoni yangu ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote.

Wazamiaji wa kamba na pweza wana hatari yao. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu. Anayezama na mafua, akabana pua na kusukuma pumzi kwa nguvu, aweza kupasua utando wa sikio la ndani. Akiibuka anaona kizunguzungu, sikio linavuma na hasikii vizuri, asizame tena. Aje siku hiyo hiyo. Wala asitiwe mafuta ya moto au maji ya kitunguu: kama ngoma ya sikio imetoboka, vitu hivyo vinaingia ndani.

Njoo na dawa zako zote mfukoni. Kwinini, aspirini kwa dozi kubwa, na sindano za gentamisini au streptomisini huweza kuvumisha masikio, na hizo sindano zaweza kuharibu usikivu na mizani ya mwili moja kwa moja.

Picha ya kichwa ina nafasi yake: mvumo au uziwi wa sikio moja usioelezeka, au mvumo unaofuata mapigo ya moyo. Kisunzi kikija na ulimi mzito, uso kupinda, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kusimama, huenda ni kiharusi, na mgonjwa akimbizwe hospitali usiku huo huo. Sikio likiziba usikivu ghafla nalo lisisubiri. Tiba hufaa zaidi ikianza mapema, ndani ya siku 14.

Na kisunzi kikikushika nyumbani, mwambie mtu akurekodi macho kwa simu, yakiwa wazi na karibu. Kisunzi huwa kimekwisha mgonjwa anapofika kwetu, lakini upande macho yanakochezea hutusaidia kujua ni sikio lipi, au kama tatizo liko ubongoni.